Aliyeonekana Kwenye Kioo

To. To. To.

Maji yalidondoka gizani, ndani ya beseni. Kisha Kilian akawasha taa nyekundu na nyuso tatu zikatokea, kama zimepakwa damu.

JUMAMOSI, SAA 10:15 JIONI

Chumba cha kusafishia picha, nyuma ya studio yake pale Mbinga, kilitosha watu wawili. Walikuwa watatu. Romanus, mkuu wao, aliiopoa picha kwenye dawa kwa vidole viwili.

"Hili jengo lina nini ndani, mpiga picha?"

"Sijui."

Alikuwa amelipiga mara sita. Ghorofa mbili za vioo vinavyomrudishia mpita njia sura yake. Mbele halina mlango. Dirisha hata moja halifunguki. Kampuni mpya ya kununua kahawa ililisimamisha kwa miezi minne, na mji mzima ukabaki kubishana: benki? Hospitali? Kanisa la wageni?

"Hakuna anayejenga hivi ili aweke mahindi," Romanus alisema. "Humo kuna sefu. Kesho saa nne, kengele ya misa ikilia, mlinzi anakwenda kusali. Urbani anavunja mlango wa nyuma. Mimi nangoja na pikapu. Mchana tuko Mbamba Bay, jioni tuko majini, tunavuka kwenda Malawi."

"Na kaka?" Urbani aliuliza.

"Kaka yako anabaki studio. Tutampitia."

Urbani, mdogo wake Kilian, alikuwa mpakiaji kwenye ghala la kahawa mpaka lilipofungwa. Mwaka wa pili sasa alikula kwa kaka yake, na kwa kaka yake nako sufuria lilikuwa tupu. Watu wenye njaa hawapigi picha. Kilian ndiye aliyempeleka kwa Romanus. Kwa mkono wake mwenyewe.

"Ukiona njagu, polisi yeyote, acha kila kitu, kimbia," Kilian alimwambia.

"Dili langu la kwanza, unaniombea mbio? We kaka!"

JUMAPILI, SAA 3:25 ASUBUHI

Mikono ya Kilian ilitaka kazi. Akaikuza picha ya mwisho, kipande cha kioo peke yake. Labda angeona kilichomo ndani.

Kwenye dawa alitokea yeye mwenyewe na kamera yake. Halafu barabara iliyokuwa nyuma ya mgongo wake. Land Rover ya polisi. Mtu ameinamia dirisha lake, ameshikwa bega na askari, wanacheka.

Romanus. Picha ya Ijumaa adhuhuri. Ijumaa ambayo Romanus aliapa kashinda Songea.

"Ametuuza."

Akaitia picha kifuani ikichuruzika, akatoka mbio.

SAA 4:00

Kengele ililia akiwa bado hatua mia mbili. Romanus alikaa kibandani ng'ambo ya barabara, soda mkononi. Pikapu haikuwepo.

"Rudi nyumbani, mpiga picha."

"Mdogo wangu yumo mle!"

"Polisi walitaka mtu mmoja ndipo wafute kesi yangu. Nikakubakiza wewe. Sema asante."

SAA 4:04

Mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa. Urbani alisimama katikati ya ukumbi, kikombe mkononi. Sefu haikuwepo. Meza ndefu, vikombe vyeupe arobaini, vijiko, ndoo. Ukutani karatasi: TEMA HAPA.

"Vikombe tu, kaka!" Alicheka kama anayelia. "Wanaonja kahawa yetu, halafu wanaitema! Nyumba nzima hii ni ya kutemea!"

"Romanus ametuuza. Twende!"

Kutoka ndani, kioo kilionyesha barabara yote. Askari watano walikuja na bunduki. Mmoja alisimama mbele yao kabisa, asiwaone, akaiweka sawa kofia yake.

Wakakimbilia nyuma. Urbani alitangulia, kikombe bado mkononi.

"Ana bastola!" askari mmoja alipiga kelele.

Mlio mmoja.

SAA 4:09

Kikombe kilipasuka juu ya kokoto. Kilian alipigishwa magoti, pingu mikononi, mbele ya mdogo wake aliyeshika tumbo. Damu ilipita katikati ya vidole.

"Kaka... mashua..."

"Usifumbe macho. Niangalie."

Picha ilikuwa imemganda kifuani kama ngozi ya pili. Kule kibandani, palipoonekana kwa upenyo wa pembeni mwa jengo, Romanus alikuwa akiirudisha chupa. Kilian alipaza sauti, mpaka mkono wa Romanus ukasimama hewani.

"Mbinga nzima itamwona aliyekuwa nyuma ya mgongo wangu! Nakuahidi, Urbani. Nitaitoa picha hii mbele ya hakimu, hata wanivue na ngozi."