Tundu Lisilo na Waya

Taa ya tundu la mwisho la rauta, ile mashine ya kusambaza mtandao, ilikuwa inapepesa, na tundu lenyewe halikuwa na waya.

Mtu mwenye akili zake angefunga begi akaenda zake. Lakini fundi wetu wa mitandao, Kichwa, jina alilojipa mwenyewe maana hakuna aliyejitolea kumpa, alicheka tu.

"Shemeji, ofisi yenu ina mpangaji wa siri!"

Shemeji huyo, dada wa mkewe, alikuwa karani wa mapokezi, na ndiye aliyemtafutia kazi hiyo.

"Wewe usinitie aibu kwa bosi. Gawa mtandao, utoke."

"Mimi nikikaribia rauta, inaniamkia yenyewe."

Karani akasonya, akarudishia mlango.

Kazi ilikuwa kuweka VLAN. Unaugawa mtandao mmoja kwa amri tu: uhasibu peke yao, mapokezi peke yao, wageni peke yao. Wote wanapita kwenye mashine ileile, ila hakuna anayemwona mwenzake. Kichwa akachomeka laptopu yake, akazigonga amri mbiombio, akamaliza idara zote. Taa bado inapepesa. Na kile chumba kisicho na dirisha kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Haya, bwana mkubwa, nawe nakupa chumba chako," alisema, akaunda VLAN nyingine, tupu, ya kumfungia huyo asiyejulikana. Taa ikazimika. Kichwa akajipigia makofi.

Kisha akasoma alichoandika. Kwa haraka zake alikuwa ameyasukumia humo matundu mawili ya mwisho kwa pamoja, na lile jingine lilikuwa na waya wa laptopu yake: alikuwa amejifungia chumba kimoja na huyo asiyejulikana.

Nyuma ya shingo yake, kitu kikapumua.

Akaurukia mlango, lakini kitasa kilipita katikati ya vidole vyake kama moshi. Mara mlango ukafunguka, karani akaingia, akamtazama usoni, akampita.

"Ametoroka! Na begi kaliacha! Bosi analia mtandao umekatika, mwenyewe kapotea!"

"Shemeji, niko hapa! Niangalie basi, dada yangu!" alipiga kelele, huku ile pumzi ikimfuata sikio hadi sikio, na harufu ya nywele ikimjaa kooni, na yeye akijua kwamba amesimama chumba kimoja na shemeji, hatua moja kati yao, na kwamba hatamsikia kamwe, kwa sababu ndivyo alivyopanga mwenyewe, na alikuwa amepanga vizuri.

Ndipo akakumbuka: hakuwa ameihifadhi kazi. Rauta ikizimwa sasa, itasahau kila alichoiamuru, naye atakuwa huru.

"Izime! Shemeji, izime!"

"Ngoja niizime niiwashe," karani alijisemea, kama wanavyofanya wote wasiojua mashine, akanyoosha mkono. Kichwa akaanza kulia kwa furaha.

Mkono mrefu, baridi, ukapita juu ya bega lake. Vidole vikagonga laptopu taratibu, kama mtu asiye na haraka. Kioo kikajibu: mipangilio imehifadhiwa.

Karani akazima. Akawasha. Taa zote zikarudi.

"Afadhali," alisema, akazima balbu, akatoka, akafunga kwa ufunguo.

"Mpangaji," ikanong'ona sauti gizani, "sogea."