Anayeitika Abee

Mama alinituma nikamwite kaka jioni, watu ndiyo kwanza wanaanza kuwasha taa. Nilikuwa na pazia la mteja mapajani, bado sijalipinda. Mama hakuwa mtu wa kutumatuma. Aliposema, "Mwambie aje leo, si kesho," nilichomeka sindano kwenye kitambaa nikaondoka.

Kaka alikuwa amepanga chumba juu ya duka la vipuri. Kazi yake ilikuwa kutunga mazimwi. Kuna mchezo ambao watu wazima na akili zao huketi mezani, kila mmoja akajifanya shujaa, mwenzao mmoja akasimulia yanayowakuta, na dadu zikaamua nani apone na nani afe. Kaka alitunga mchezo wa namna hiyo, ukapendwa mno. Na kilichopendwa zaidi ndani yake ni zimwi moja. Aliliita Abee.

Watu walimuuliza amelitoa wapi. Alitabasamu tu.

Mimi nilijua alikolitoa.

Tulizaliwa watatu. Wa mwisho, tuliyemwita Kitinda, alizama kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba, hata meno ya mbele hayajamaliza kuota. Baada ya mazishi mama alishikwa na tabia moja. Kila jioni alisimama mlango wa nyuma akamwita, kama anavyoitwa mtoto aliyenogewa na michezo. Baba alimsihi. Akamkaripia. Mwisho akamwacha.

Jioni moja, tangi likaitika.

"Abee, mama."

Tulisikia sote. Baba alilifukia tangi kwa kifusi, na haikupita muda akahama nyumba, asirudi tena. Sauti haikuhama. Kila jioni mama aliita mara moja tu, akaitikiwa, akasema, "Haya, lala," akafunga mlango. Hakuita mara ya pili hata siku moja, na hicho kilichoitika hakikusogea. Jikoni ilibaki harufu ya saruji iliyolowa, kisha nayo ikapotea. Tulikua na jambo hilo kama nyumba nyingine zinavyokua na mgonjwa wa ndani. Hulitaji mbele ya wageni.

Kaka akaenda kulitaja mbele ya kila mtu.

Hakumwomba mama ruhusa. Wala hakuliacha lilivyo. Kwenye asili ya zimwi lake aliandika kwamba mtoto hakuteleza. Alisukumwa. Aliyemsukuma ni mama yake mzazi, na ndiyo maana zimwi huitika kila linapoitwa: linamtafuta. Nilipomkabili alinijibu kwamba zimwi lisilo na kisa halimtishi mtu. Jina la mtoto hakulibadilisha. Kitinda.

Basi nilipanda ngazi nikawakuta mezani: muuguzi, dereva wa lori na karani wa ghala. Taa ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kaka alikuwa akisimulia kwa sauti ya chini, na mashujaa wake walikuwa wamefika mahali ambapo zimwi huitwa. Wakaita kwa pamoja, huku wakichekana.

"Kitinda!"

Karani akazikusanya dadu.

Kisha nyuma yangu, kwenye ngazi nilizotoka kupanda sasa hivi...

"Abee."

Wakapiga makofi. Walidhani kaka ameficha kinasa sauti, na muuguzi akamwambia safari hii ameweza. Kaka hakucheka. Alikuwa akitazama sakafu, nyuma ya visigino vyangu. Sikugeuka. Harufu ile ilinitosha.

Njiani nilimweleza alichoitiwa. Kwamba tangu mchezo wake uenee, mama alikuwa anaita na haitikiwi. Alisimama mlangoni mpaka miguu ikavimba, akalala akilia, maana kile kidogo alichobakishiwa na mtoto wake kilikuwa kinaitwa na watu asiowajua, katika vyumba asivyovijua. Kwamba jana kilirudi. Hakikuitwa. Kilisimama karibu kabisa na mlango, kikamuuliza mama swali, naye amekataa kuniambia ni swali gani.

Kaka akaongeza mwendo mpaka tukafika.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti akiuelekea mlango wa nyuma. Shikamoo ya kaka aliipokea bila kumtazama, akamtaka aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, amewaambia nini watu kuhusu yeye. Kaka akasema. Yote, ameinamisha uso. Nilitegemea mama atalia au atamfukuza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Siku ile mimi nilikuwa kliniki na dada yako. Nyumbani ulibaki wewe naye."

Kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Miaka yote hii sijakuuliza. Hata leo sikuulizi."

Nilimtazama kaka. Yeye alitazama mikono yake.

Hapo ndipo mlango ulipoguswa. Haukubishwa... uliguswa, chini, kwenye kimo cha mtoto. Kama kiganja kilicholowa kikipapasa mbao.

Tone.

Tone.

"Mama."

Ilikuwa sauti ya Kitinda. Lakini ilikuwa nzito, kama inasemwa na watu wengi kwa pamoja, wengine wakichekana.

"Mama, nani alinisukuma? Wote wanasema ni wewe."

Kaka alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi. Akafungua kinywa. Nimejiambia mara nyingi kwamba alitaka kusema, kwamba angesema laiti angepata nafasi kidogo tu. Mama alimtazama, ile namna ya kumtazama mtoto mwenye homa, akainuka kwenye kiti.

"Ni mimi, mwanangu," akauambia mlango. "Nakuja."

Akafungua, akatoka, akaurudisha nyuma yake. Komeo lilikuwa upande wetu. Tuliusukuma mimi na kaka kwa mabega, haukutikisika. Nje hatukusikia kelele yoyote. Tulisikia maji tu, mengi, yakijaa mahali.

Ulipofunguka, ulifunguka wenyewe. Mama alikuwa amelala juu ya kifusi cha tangi. Kifusi kilikuwa kikavu, nguo zake kavu. Daktari alituambia mapafu yake yalijaa maji, kisha akatukazia macho akingoja tumweleze.

Msibani kaka alilia kuliko wote, mpaka wanaume wakamshikilia. Matanga yalipokwisha alichapa mchezo wake upya. Akaongeza kwamba mama wa Abee alikiri kosa lake, na zimwi likatulia.

Muuguzi yule alikuja kwangu juzi kushonesha mapazia. Alinisimulia kwamba wakifika sehemu ya mama kukiri, watu hufuta machozi. Nilikuwa nimeshika futi, nikaendelea kupima. Kisha akapunguza sauti. Akasema wao bado huliita, kwa mazoea tu, na bado huitika. Lakini siku hizi huitika kwa kusitasita, kama mtu asiyeamini alichoambiwa.

Kaka hupita kwangu jioni akitoka kazini. Hukaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akaniuliza habari za kazi, akalalamika mgongo. Swali ambalo mama hakumuuliza hunifika kwenye ncha ya ulimi. Na kila linapofika, nyumba nzima hunyamaza. Bomba huacha kuvuja, mbwa wa jirani hukatiza, na nyuma ya mlango nahisi kuna mtu ameegemea, anasubiri jibu kwa hamu kuliko mimi.

Nalimeza. Namletea kaka chai. Anakunywa, ananishukuru, anakwenda zake.