Taa za Nyuma za Ildefons

Harufu ilianza kabla taa hazijapata moto sawasawa. Vestina alikuwa barazani akimsuka binti yake Joanitha, akaisikia ikitoka jikoni. Haikuwa harufu ya plastiki. Ilikuwa ya nyama mbichi iliyobandikwa kwenye kikaango kikavu. Oveni ile ilikuwa yake, ya kuokea keki za harusi, na jana yake aliisugua mpaka ikang'aa.

"Baba Joa, umeweka nini humo?"

"Taa tu," Ildefons alijibu. "Gundi ikilainika nazitoa."

Ildefons alikuwa kinyozi pale Rwamishenye, na kitu alichokipenda baada ya familia yake kilikuwa gari lake, Altezza nyeusi. Alitaka taa za nyuma ambazo hakuna mwenzake Bukoba nzima aliyekuwa nazo: vioo vya rangi ya moshi, na ndani mkanda wa LED unaokimbia toka katikati kwenda pembeni ukikanyaga breki. Alikuwa ametazama kwenye simu jinsi watu wanavyojifanyia nyumbani. Unapasha moto, unabandua kioo, unaweka unachotaka, unafunga tena. Ili asiharibu taa zake mwenyewe, alikwenda Muleba akang'oa nyingine kwenye Altezza iliyobondeka, iliyokuwa imelala kwenye majani nyuma ya gereji. Mafundi walimwambia mwenye gari alifia ndani yake, na kwamba mpaka leo hakuna aliyetaka kuchukua hata skrubu moja pale. Yeye akachukua.

Kioo cha kwanza kilibanduka vizuri. Ndani, nyuma ya bati linalong'aa, mahali ambapo mkono haufiki bila kuvunja gundi ya kiwandani, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa chekundu kilichoshonwa kwa nywele. Ildefons akakichana kwa bisibisi. Yakadondoka meno mezani. Madogo, ya mtoto, na mizizi yake.

"Yarudishe kama yalivyokuwa," Vestina, aliyekuwa ameingia jikoni, alisema kwa sauti ya chini. "Yafunge, uipeleke hiyo taa ulikoitoa."

"Mambo ya waganga haya, mama. Sisi tunasali."

Akayakusanya pamoja na kitambaa, akayatupa kupitia dirishani kwenye kibanja, katikati ya migomba. Vestina alikuwa ameiinua taa kutoka mezani, nyaya zake zikining'inia bila kugusa kitu chochote. Ikawaka. Iliwaka taratibu, nyekundu, ikabaki hivyo kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, kisha ikazimika. Vestina aliiweka mezani akaenda kunawa mikono kwa sabuni.

Alasiri Ildefons alikuwa ameshazifunga kwenye gari. Akaingia, akamwomba mkewe asimame nyuma amwambie kama zinakimbia.

"Zinakimbia?"

"Zinakimbia," alijibu, lakini hakuwa akizitazama tena. Wekundu ulikuwa umemwagika juu ya ukuta wa nyumba, na kivuli chake kilikuwa pale, na kando ya kivuli chake kulikuwa na kingine, kirefu mpaka kikalazimika kuinamisha shingo chini ya paa. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Alipotazama tena ukutani, kile kivuli kilikuwa kimegeuza kichwa kuelekea mlangoni, alikokuwa amekaa Joanitha.

Kesho yake walipotoka misa walimkuta mbuzi wao amebanwa kati ya gari na ukuta, matumbo yametokea mdomoni. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ildefons. Alisema gia imeteleza. Akamtoa mbuzi, akasogeza gari mbele, akaweka mawe makubwa nyuma ya magurudumu.

Mama yake, Ma Edvina, alifika mchana kutoka Maruku, amebeba mkungu wa ndizi kwa ajili ya mjukuu. Aliona damu kwenye bampa.

"Mwanangu, unaacha gari namna hii siku ya Bwana?"

"Liache, Ma. Nitaliosha mwenyewe."

Hakusikia. Alichota maji, akafunga kanga kiunoni, akainama nyuma ya gari na kitambaa, na Vestina aliyekuwa akitoka ndani kumwambia aache aliona taa zote mbili zikiwaka na ule mkanda ukikimbia toka katikati kwenda pembeni, tena na tena, kasi zaidi kila mara, na kabla hajafungua mdomo gari liliyaruka yale mawe kama kokoto, bila injini kunguruma, bila mtu kwenye usukani, likamgandamiza bibi ukutani, likasogea mbele kidogo, likarudi tena palepale, mpaka mfupa wa mguu ukasikika ukivunjika na yule mama akanyamaza. Ildefons alivunja dirisha kwa kiwiko akashika handbreki. Ilikuwa imevutwa tangu mwanzo.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Asubuhi iliyofuata Ildefons na Vestina walirudi nyumbani na mtoto kuchukua nguo za mgonjwa. Ildefons hakuingia ndani. Alichukua bisibisi akaenda moja kwa moja kwenye gari. "Nazitoa," alisema. "Nazitoa sasa hivi." Vestina alimwona kupitia dirishani akigusa kioo cha taa, mgongo ukimnyooka, mabega yakipanda, na kichwa kikiinama upande kama cha mtu aliyesimama chini ya dari fupi.

Alipoingia ndani alikuwa na spana ya kufungulia magurudumu.

"Baba Joa," Vestina alinong'ona.

"Mtoto yuko wapi?" Sauti zilikuwa mbili, yake na nyingine chini yake, kavu.

Vestina alisimama mbele ya mlango wa chumba. Spana ilimpata mkononi juu ya kiwiko, na mfupa ukakatika. Vestina akamng'ang'ania kwa mkono mmoja. Ildefons akampiga mbavuni, akampiga tena alipokuwa chini, akamruka, akaingia chumbani, akatoka na Joanitha amemshika mguu mmoja, kichwa kikining'inia, macho yamemtoka. Vestina alitambaa, akasimama, akashika panga la kukatia ndizi lililokuwa nyuma ya mlango, na alipofika uani mumewe alikuwa amemlaza mtoto nyuma ya gurudumu, amemkandamiza kifua kwa goti, na ule wekundu ukikimbia juu ya nyuso zao wote wawili, na gari limeanza kutikisika peke yake kama ng'ombe anayetaka kukata kamba, na Vestina hakujua ampige nani, akainua panga akaligonga kwenye taa ya kulia, na Ildefons akapiga ukelele, Vestina akagonga ya kushoto, na damu ikamtoka Ildefons puani na masikioni, akaangukia upande, na gari likatulia.

Jirani yao Mustapha aliruka ukuta. Nyuma yake, kwa kupitia getini, alikuja mama yake, Bi Mastura, ambaye watu wa mtaa ule, Waislamu na Wakristo, walimjua kwa kisomo chake cha kutoa majini. Mustapha alimkalia Ildefons miguuni. Bi Mastura alimshika paji la uso akaanza kusoma, na mwili ukajikunja mpaka visigino vikagusa mgongo.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi ni mgeni wake. Kanifungulia," ile sauti kavu ilijibu.

"Nani alikufunga humo?"

"Mwenye gari. Nilimtajirisha. Alinilisha barabarani, mbuzi, mbwa, walevi. Akanipa mwanawe wa kwanza. Nilipomwomba wa pili akaninyima, nikamla yeye." Mdomo wa Ildefons ulitabasamu kumwelekea Vestina. "Huyu naye ana mmoja."

"Hupati kitu hapa. Toka."

"Nitatokea jichoni."

"Utatokea kwenye kidole cha mguu, usimdhuru."

"Aliniona kwa jicho."

Bi Mastura alisoma kwa sauti ya juu, bila kupumua, jasho likimtiririka, na mwili ulirushwa ukaanguka, ukarushwa tena, Mustapha akatupwa pembeni, migomba yote ya kibanja ikalala upande mmoja ingawa hapakuwa na upepo, kisha jicho la kushoto la Ildefons likapasuka kama yai.

Ildefons akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

"Amekwenda," Bi Mastura alimwambia Vestina. Alikaa chini palepale kwenye matope. "Nilishindwa kulilinda jicho lake, mwanangu. Nisamehe."

Mafundi walilichukua gari wakalikata vipande. Ildefons alilazwa wodi iliyo karibu na ya mama yake. Hakukumbuka chochote tangu alipogusa kioo. Siku aliporuhusiwa kutembea alikwenda kumwona Ma Edvina, akamkuta Vestina ameketi kando ya kitanda, mkono kwenye plasta, Joanitha mapajani.

Aliutazama ule mkono.

"Mama Joa, nani alikuvunja mkono?"

Vestina alikuwa amejiandaa kusema ni gari.

"Wewe," alisema Joanitha, akashuka mapajani, akaenda kujificha nyuma ya kitanda cha bibi.