Ruta Katika Kidaka cha Bi Mwanakhamis

Siku ya kwanza mtandao ulisoma kasi ya arubaini. Siku ya pili ukasoma thalathini na tisa. Marziya hakushtuka; mtandao wa mjini hauna miadi na mtu. Lakini siku ya tatu uliposoma thalathini na nane kamili, bila nukta mbele wala nyuma, moyo ulimwambia kuna jambo.

Alipima kila siku saa saba mchana, akishamaliza kusali adhuhuri, na kuandika namba daftarini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yeye na mumewe Juzer waliishi kwa mtandao huo. Duka lao la Kiponda liliuza vitu vya kale kwa wageni wa ng'ambo: masanduku ya njumu, mabirika ya shaba, vikombe vya kahawa. Juzer alisimama mbele ya simu akavinadi kwa video. Kasi ikishuka picha huganda, na mnunuzi huenda zake.

Juzer alikuwa na mdomo, bwana. Samaki angemuuzia maji ya bahari. Mdomo huo ndio uliomtoa Bi Mwanakhamis katika chumba alichokaa miaka thalathini, kile kile kilichokuwa duka sasa. Ukutani mlikuwa na kidaka kilichopiga weusi kwa moshi, na ndani yake chetezo cha shaba. Kila Alhamisi bibi alimfukizia ubani "mwenyewe wa nyumba". Jina jingine hakuwahi kumwita. Siku ya kuhama alilia, maana chetezo cha mwenyewe wa nyumba hakiruhusiwi kuvuka kizingiti.

Juzer alimshika mkono. "Bi, kiache hapa hapa. Sisi tutamfukizia kila Alhamisi, kama ulivokuwa ukifanya wewe."

Na Marziya, aliyekuwa kando, aliitikia, "Inshallah, Bi."

Hata Alhamisi ya kwanza haikufika. Juzer alikiuza chetezo kwa mzungu mmoja wa nchi za baridi. Marziya akausugua moshi kwa sabuni na brashi, na ruta, kisanduku cha mtandao, ikawekwa kidakani, kwa kuwa pale ndipo mtandao uliposhika vizuri.

Namba ilipofika thalathini walimwita fundi, Talib. Akapima waya nje, akapima ndani, akakuna kichwa.

"Nje arubaini, Bi Marziya. Humu ndani thalathini. Kinachokula kimo humu humu." Kisha akaisogeza kompyuta yake karibu na macho. "Na hii kasi ya kupakia mbona inapanda? Kila kinachopungua huku kinaongezeka kule. Mnapeleka nini nje?"

"Hatupeleki kitu."

Talib akainusa ruta. Sauti yake ikashuka. "Nani kafukiza ubani?"

Hapana aliyefukiza. Talib akakusanya vyombo vyake na hakungoja hata chai.

Kwenye ishirini na tano sauti ya Juzer ilianza kukwaruza. Vumbi, alisema. Kwenye kumi na tano akawa ananong'ona. Daktari alimmulika koo, akaona halina kasoro. Kwenye kumi alisimama mbele ya simu, mkononi birika la shaba, akafungua kinywa kunadi, na kilichotoka ni pumzi tupu. Mnunuzi alidhani ni mtandao. Marziya alilitazama daftari, akamtazama mumewe, akaona namba na sauti vinashuka pamoja.

Namba ilipofika saba alikwenda shamba, Kizimbani, kwa Bi Mwatum, mpwa wa Bi Mwanakhamis aliyemchukua bibi alipohama. Alimkuta barazani akichambua karafuu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umechelewa." Hakuinua kichwa. "Alitwambia mpangaji wa juu ya duka lenu kwamba chetezo kimeuzwa. Bibi hakulia. Alisema, 'Mdomo ulonidanganya, na ukifuate chetezo kilikokwenda.' Alasiri ile ile akafariki."

Marziya aliuliza ilikuwa tarehe gani, akafungua daftari. Ilikuwa siku mtandao uliposoma arubaini, siku aliyoanza kupima.

"Basi unayoihesabu ni arubaini yake," alisema Bi Mwatum. "Kirudisheni kabla haijesha. Na nisikilize, mwanangu. Bibi alinambia nyote wawili mliahidi. Ukisikia unaitwa na humuoni anokuita, usiitike. Ukiitika tu, umempa na sauti yako."

Marziya alimwandikia mzungu siku ile ile, akamsihi, akamwambia atamrudishia fedha zake zote na juu yake. Mzungu hakujibu. Ikawa tano. Ikawa tatu. Ikawa moja.

Saa saba ya mwisho jua lilikuwa kali uchochoroni na watu walikuwa wakipita wakicheka, na ndani ya duka Marziya alimshika Juzer mikono miwili huku akisoma kila dua aliyofundishwa, na kidakani ruta ikaanza kupasuka-pasuka kama mkaa unaoshika moto, na harufu ya ubani ikajaa mpaka machozi yakawatoka, na ule weusi alioukosha kwa mkono wake mwenyewe ukarudi ukutani polepole ukipanda kama maji, na namba ikasoma sifuri, na ya kupakia ikasoma arubaini, na Juzer akajishika koo, akafumbua kinywa, akafumba, akafumbua, pasitoke hata pumzi ya kunong'ona.

Simu ikalia mlio mfupi. Mzungu alikuwa amejibu.

Alileta video. Chetezo kilikuwa juu ya rafu nyeupe, kando ya dirisha lenye theluji, na chini yake mzungu ameandika: kitu hiki kimeanza kusema sasa hivi, nani anaelewa kinachosema? Marziya akabonyeza. Kutoka tumboni mwa shaba ikatoka sauti ya Juzer, nzima, tamu, ile ile ya kunadia.

"Marziya!"

Alikuwa mkewe miaka kumi na miwili. Tangu utotoni alifundishwa kwamba mtu akikuita hukai kimya. Na furaha ya kuisikia sauti ile ilimpita akili.

"Naam!" aliitikia.

Akajiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini neno lilishatoka. Juzer alikuwa akimtazama huku akitikisa kichwa, akitikisa, machozi yakimchuruzika.

Alipima tena pale pale. Arubaini.

Kesho yake saa saba akapima: thalathini na tisa. Akataka kumwambia Juzer, ikabidi akohoe kwanza.