Ubao Uliovutwa Koboko

Thubutu kusema naongopa! Ila ukishasikia, usije kuomba kulala kwangu, kitanda changu ni kimoja.

Rafiki yangu Latifu, fundi wa Arua, alikuwa mjini Koboko akitandika sakafu ya laminati, zile mbao nyembamba za kuunganishwa, nyumbani kwa Mama Hawah. Fremu za milango zilifika hadi chini sakafuni, basi alikata kila moja kwa chini ili ubao upite. Chumba cha mwisho kilikuwa na fremu tu, mlango bado. Mama alitundika turubai hapo mlangoni kuzuia vumbi. Ndani giza tupu, madirisha yamepigiliwa mabati.

Latifu akausukuma ubao chini ya turubai. Krrr. Ukaenda wenyewe. Mtu anauvuta!

Akamshuku mwenzake, Afedra, ambaye aliitamani kazi hii tangu Arua. Akawaza: huyu anataka nionekane mjinga, mama anifukuze.

"Afedra! Wacha kuvuta!"

"Kuvuta nini, bwana?" Sauti ilitoka nyuma yake, barazani. "Mimi iko hapa, nakula muhogo."

Akageuka. Kweli, mdomo umejaa. Akainua turubai, mwanga ukaingia: chumba kitupu, ubao haupo. Latifu huyo, mbio hadi barabarani, kazi akamwachia Afedra.

Sawa, kuna kipande nimeruka, maana hata mimi kinanisumbua. Alipoachia turubai, kabla hajakimbia, ubao ulirudi taratibu kutoka gizani. Kona yake ilikuwa imekatwa kufuata umbo la fremu, sawasawa kabisa. Msumeno wao ulikuwa mmoja tu, na alikuwa ameushika Latifu. Akaigusa ile kona. Unga wa mbao ulikuwa bado moto.