Taa Iliyobeba Sauti ya Kitinda Mimba

Kila saa kumi jioni chumba cha Mama hospitalini kilifurika. Shangazi na domo lake, wajomba, wakwe, majirani. Dada Mkubwa, fundi cherehani, aliwapenda wote. Lakini Mama alikuwa amebakiza siku chache, na alitaka jambo moja tu: kumsikia kitinda mimba wake, aliyekuwa ng'ambo na hakuweza kusafiri.

Kishikwambi cha wodi kikawekwa kitandani. Kitinda mimba akatokea.

"Mama, shikamoo..."

Wote wakakiinamia. "Umekonda, mwanangu!" "Hebu nami nimwone!"

Picha ikaganda, ikakatika. Siku ya tatu hiyo.

"Anatukatia," Shangazi akasema. "Ana raha zake huko, atukumbuke sisi?"

Dada Mkubwa naye akaanza kuamini. Mama akafumba macho. Chozi likamteremka hadi sikioni.

Fundi umeme wa hospitali alikuwa mlangoni na ngazi yake. "Jamani, mnamsingizia. Mnaomkata ni ninyi."

"Sisi? Tumegusa nini?"

"Mtandao wa humu unakuja kwa mwanga wa taa ile ya darini. Inapepesa haraka mno, jicho halioni. Kidude hicho kilichochomekwa kwenye kishikwambi kinausoma, kisha kinarudisha majibu juu kwa mwanga usioonekana. Mkiinama, mnakifunika. Mwanga haupenyi mwili wa mtu."

"Hata wangu?" Mjomba akauliza.

"Hasa wako," Shangazi akadakia, "na kitambi hicho!"

Hakuna aliyecheka sana.

"Tufanyeje, fundi?" Dada Mkubwa akauliza.

"Kidude kiione taa. Msiizime. Ikimuumiza mgonjwa macho, nitaipunguza. Na ninyi, rudini ukutani."

Wakarudi, migongo ukutani. Dada Mkubwa akapiga tena. Kitinda mimba akatokea, macho mekundu.

"Mbona mnanikatia? Nimewakosea nini?"

"Tulikuwa tunakufunika, mdogo wangu, bila kujua. Ongea na Mama."

Akaongea. Mama akakigeuzia uso kishikwambi, midomo ikacheza. Kisha pumzi zake zikaanza kuja moja moja, kwa mbali.

Dada Mkubwa alitaka kumkimbilia amkumbatie. Lakini hatua moja tu, na kivuli chake kingeangukia kidude. Akabaki ukutani, ameung'ang'ania mkono wa Shangazi. Kitinda mimba alikuwa bado anaongea na Mama, na picha haikuganda hata mara moja.