Tone la Kwanza

Ephraim alikuwa Albert Park akisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani, kijana wa Kitanzania, mwimbaji wa kwaya, aliyejipulizia manukato kupita kiasi, mara mrija wa shaba ukamgonga kisogoni.

"Eish! Dada, unaniua!"

"Pardon! Hii tiyo haina macho."

"Na wewe je?"

"Miye niko nayo. Si nimekuona?"

Msichana aliitwa Agathe, msusi, gauni la kitenge cha manjano limemkaa hadi madereva walisahau honi. Mrija ulikuwa wa mama yake, Libérate, aliyepika lutuku, pombe kali ya mahindi na muhogo, uani kwao Queensburgh, kama ukoo wake ulivyopika kule Uvira. Ephraim aliubeba mrija hadi kwenye teksi. Alirudi na nundu na namba ya simu.

"Umekula, sheri?" Agathe aliuliza kila jioni.

"Nimekula sauti yako."

"Basi utakonda."

Kwa akina Libérate, mchumba hakaribishwi mezani. Huketishwa kando ya chungu siku ya kupika, achochee moto, aonekane ana subira. Ephraim alikuja na suti. Alipuliza kuni mpaka macho yakamwiva, akavumilia.

Tone la kwanza lilipodondoka mrijani, akakinga glasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, ili anywe kwa heshima ya mama mkwe. Agathe akampokonya, akaimwaga yote kwenye nyasi. Shangazi zake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Kama hunitaki ungesema tu," Ephraim alisema, akachukua koti lake akaondoka.

Simu hakupokea. Agathe alilia, kisha akakasirika. "Kumbe mtu wa kwaya anaona haya kuoa kwa wapika pombe!" Naye akaacha kupiga.

Ephraim alikonda kweli. Dukani kwake, akitengeneza simu ya Pacifique, jirani yake, Mkongomani kama akina Agathe, akamweleza yote. Pacifique alicheka akaegemea kaunta.

"Ndugu yangu, ile ya kwanza ni sumu! Kila mpishi anaimwaga. Ungekunywa, leo ungetengeneza simu yangu kwa kupapasa."

Ephraim alifunga duka, simu ya watu ikiwa wazi mezani.

Agathe alimkuta getini kwao. "Umefuata nini kwa wapika pombe?"

"Nilidhani umenikataa."

"Nilimwaga juu napenda ile macho yako, mjinga we!"

Ephraim aliona aibu na furaha kwa pamoja. Akapiga magoti palepale, Mama Libérate akichungulia na kata mkononi.

"Agathe, utakubali nikuoe?"

"Hapana."

Kata ikaanguka.

"Hiyo ni ya kwanza," Agathe akasema, akimfuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Ya kwanza tunamwaga. Uliza tena, sheri."